Mmea Uliojificha Ndani ya Malaria

Katika maabara ya Hospitali ya Mwananyamala, Kinondoni, au ya Temeke, upande wa pili wa jiji la Dar es Salaam, kazi huanza na tone la damu. Mtaalamu hutoboa kidole, hupaka damu kwenye kioo, huiacha ikauke, kisha huitia rangi ya Giemsa, yenye jina la mkemia Mjerumani Gustav Giemsa aliyeitangaza mwaka 1904. Siku hizi kipimo cha haraka kimeenea mpaka zahanati za mwisho kabisa za mji, lakini hadubini bado ina kazi yake. Chini ya lenzi ya mafuta, inayokuza mara 1,000, seli nyekundu za damu huonekana zimetapakaa, na kwa mgonjwa wa malaria baadhi yake huwa na pete nyembamba ya buluu yenye kitone chekundu. Kitone hicho ni kiini cha seli, na pete ni ute wake. Mtaalamu huhesabu, huandika, na mgonjwa hupelekwa dirisha la dawa.

Ndani ya pete hiyo kuna kitu ambacho hadubini ile haiwezi kukionyesha. Ni oganeli, mojawapo ya viungo vidogo vinavyofanya kazi ndani ya seli, na ukoo wake ni ule ule wa kloroplasti, kiungo kinachoipa mboga ya majani rangi yake ya kijani. Kimelea cha malaria, ambacho kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 vitabu vilikiweka upande wa wanyama, kimebeba masalia ya mmea. Kila mwanafunzi wa sekondari nchini amewahi kuchora jedwali la safu mbili, seli ya mmea huku, seli ya mnyama kule. Jedwali hilo ni la kweli na linafaa. Ila ugonjwa ambao wakazi wa Dar es Salaam wameuguza kwa vizazi hauna pa kukaa ndani yake, na kujua sababu kulichukua zaidi ya miaka mia moja.

Turudi mwanzo wa jedwali lenyewe. Mwaka 1665, mjini London, Robert Hooke alichapisha alichokiona alipokata kipande chembamba cha kizibo, ambacho ni gome la aina ya mwaloni. Aliona vyumba vidogo vitupu vilivyopangana, akaviita seli. Alichokuwa akitazama ni kuta za seli zilizokwisha kufa. Kwa hiyo sehemu ya kwanza ya seli kuonwa na binadamu ni ile hasa ambayo seli ya mnyama haina. Kiini kilitambuliwa na Robert Brown mwaka 1831, naye alikuwa akichunguza maua ya okidi. Mwaka 1838 Matthias Schleiden alieleza kuwa mimea imejengwa kwa seli, na mwaka uliofuata Theodor Schwann akasema vivyo hivyo kuhusu wanyama. Kazi ya Schwann ilikuwa ngumu zaidi. Seli za mnyama hazina ukuta wa kuzichora mpaka, zinabanana, zinabadilika umbo. Alichoshikilia ni kiini: palipo na kiini kama kile cha mimea, alijua pana seli. Sayansi hii yote ilianza pale mtu mmoja alipouona mfanano huo na kuuamini.

Mfano mzuri wa kufundishia tofauti ya seli hizo mbili uko kwenye bustani za mchicha za bonde la Msimbazi. Fungu la mchicha lililokaa juani hunyong'onyea, na muuzaji akilinyunyizia maji husimama tena. Seli ya jani ina vakuoli kubwa katikati, mfuko unaojaa maji na kusukuma ute wote pembeni, na nje ina ukuta wa selulosi unaoizuia isipasuke. Maji yanasukuma, ukuta unazuia, jani linakaza. Seli ya mnyama ikiingiwa na maji mengi kiasi hicho hupasuka, kwa kuwa imezungukwa na utando peke yake.

Kisha kuna kloroplasti, zinazonasa mwanga na kutengeneza sukari. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapoteleza: hudhani kwamba mmea, kwa kuwa una kloroplasti, hauhitaji mitokondria. Mchicha unazo mitokondria kama tulivyo nazo sisi, na usiku unapumua kama sisi. Mchicha hata umepiga hatua zaidi. Ni wa kundi la mimea linalojulikana kama C4, ambayo huikusanya hewa ya kaboni katika seli za nje za jani na kuipeleka katika seli za ndani zinazozunguka mishipa. Humo mitokondria ndizo zinazoifungua na kuziachia kloroplasti zilizo jirani. Hiyo ni sababu mojawapo mchicha unastawi vizuri katika jua kali la Pwani. Ribosomu zinazounda protini, mtandao wa tando za ndani, kifaa cha Golgi kinachofungasha na kusafirisha: vyote viko pande zote mbili.

Kuhusu sentrioli, vijiti viwili vinavyoshiriki seli ya mnyama inapogawanyika, vitabu husema mmea hauna. Kwa mchicha ni kweli. Lakini mwaka 1896 Wajapani wawili, Hirase na Ikeno, waligundua kuwa mti wa ginkgo na jamii ya mitapo, miti inayofanana na minazi mifupi na ambayo ndugu zake wanaota katika pwani yetu, ina mbegu za kiume zinazoogelea kwa vijimkia vingi mno. Vijimkia hivyo huchipuka kutoka kwenye vijiti vya muundo ule ule. Jedwali lilikuwa limeanza kuvuja mapema.

Katika karne hiyo hiyo madaktari walikuwa wakiitafuta malaria. Mwaka 1866 daktari wa Marekani, James Salisbury, alidai homa hizo zinaletwa na mwani wa majini uitwao Palmella. Hakuwa na ushahidi wa kutosha, akapingwa. Tarehe 6 Novemba 1880, katika hospitali ya jeshi mjini Constantine, Algeria, daktari Mfaransa Alphonse Laveran alikuwa akitazama damu mbichi ya askari mgonjwa akitaka kujua chembe nyeusi zinazoonekana katika damu ya wenye malaria zinatoka wapi. Aliona kiumbe cha mviringo kikichomoza nyuzi zilizojipinda na kuchapa huku na huko kwa nguvu. Hapo aliamini kwamba kinaishi. Akakipa jina Oscillaria malariae, na Oscillaria lilikuwa jina la jamii ya mwani. Jina hilo halikudumu. Waitaliano Marchiafava na Celli walileta jina Plasmodium mwaka 1885, na muda si mrefu kimelea kikawekwa miongoni mwa protozoa, waliohesabiwa kuwa wanyama wa seli moja. Uamuzi huo ulikuwa na mantiki. Kimelea hakina ukuta wa selulosi, hakina rangi ya kijani, kinasogea na kinakula.

Katika miaka hiyo hiyo Camillo Golgi, wa Pavia, Italia, alionyesha kuwa homa ya malaria hupanda wakati vimelea vinapopasua seli nyekundu kwa pamoja, na kwamba aina tofauti za kimelea zina saa tofauti. Ni yeye aliyekuja kueleza mwaka 1898, akichunguza seli za neva za bundi, mtandao ambao leo unaitwa kifaa cha Golgi. Mwaka huo huo Carl Benda, Berlin, aliipa mitokondria jina lake. Mtu mmoja, Golgi, alisoma homa na viungo vya seli, na bado hakuna aliyekuwa na chombo cha kuona ndani ya kimelea chenyewe.

Dar es Salaam iliingia katika habari hii mwaka 1897. Hospitali ya Ocean Road ilikuwa ndiyo kwanza imefunguliwa, kwa ajili ya Wazungu, na mwaka huo Robert Koch, aliyekwisha kupata sifa kwa kugundua bakteria wa kifua kikuu, alikuja mjini hapa kuchunguza malaria. Mwezi Agosti mwaka huo huo, kule Secunderabad, India, Ronald Ross aliona kimelea kikikua katika tumbo la mbu. Koch aliweka imani yake katika kuwasaka vimelea ndani ya damu za watu. Kuanzia 1901 mpango wake ulitekelezwa hapa Dar es Salaam chini ya daktari Ollwig: kupima damu za wakazi na kuwapa kwinini waliokutwa na vimelea. Wenyeji walipimwa zaidi kwa sababu walionekana kuwa hazina ya ugonjwa unaowatisha Wazungu. Hilo halifai kusahaulika tunapoisifu sayansi ya siku zile. Hata hivyo, kioo cha damu kikawa sehemu ya maisha ya mji huu kuanzia hapo.

Kwa miongo mingi dawa zilifanya kazi bila watu kujua zinapiga wapi. Klorokwini, ambayo wazee wetu wanaikumbuka kwa uchungu wake na kwa mwili kuwasha, hupiga ndani ya vakuoli ya chakula ya kimelea. Kimelea humeza himoglobini ya seli nyekundu na kuimeng'enya ndani ya mfuko huo. Mabaki yenye madini ya chuma ni sumu kwake, hivyo huyagandisha kuwa fuwele, na fuwele hizo ndizo zile chembe nyeusi za Laveran. Klorokwini hujazana katika mfuko huo na kuzuia mgando, mpaka kimelea kinakufa kwa sumu ya mlo wake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Afrika Mashariki ilianza kuona vimelea visivyokufa. Baadaye, mwaka 2000, ilijulikana kuwa vimebadilisha protini moja iliyoko kwenye utando wa vakuoli, na kwa mlango huo dawa inatolewa nje. Tanzania iliiacha klorokwini mwaka 2001 ikatumia dawa ya SP, na mwishoni mwa 2006 ikaanza kuleta dawa ya mseto. Kuachwa huko kwa klorokwini, kulikogusa kila nyumba kutoka Mbagala hadi Tegeta, kulitokana na badiliko la protini moja katika utando wa kiungo kimoja cha seli.

Sasa turudi kwenye kloroplasti. Mwaka 1905 Mrusi Konstantin Mereschkowsky aliandika kuwa kloroplasti hapo kale zilikuwa viumbe huru, jamii ya bakteria wanaotumia mwanga, waliomezwa na seli kubwa wakabaki humo. Wazo hilo lilipuuzwa kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilithibitika kuwa kloroplasti na mitokondria zina DNA yao wenyewe. Mwaka 1967 Mmarekani Lynn Margulis alichapisha makala iliyoliweka wazo hilo pamoja na ushahidi, baada ya majarida mengi kuikataa. Leo ndilo fundisho la kawaida. Mitokondria zilikuwa bakteria walioingia mapema, kabla mimea na wanyama hawajaachana njia, ndiyo maana pande zote mbili zinazo. Kloroplasti ziliingia baadaye, katika tawi moja tu.

Kwa upande wa malaria, mwaka 1975 Araxie Kilejian alipata katika kimelea cha malaria ya ndege DNA ndogo yenye umbo la duara. Alidhani ni ya mitokondria, na nani asingedhani? Kimelea kimehesabiwa mnyama, na DNA ya duara katika seli ya mnyama hukaa katika mitokondria. Miaka ikapita, ikagundulika kuwa mitokondria za kimelea zina DNA nyingine, fupi zaidi. Basi ile ya duara ni ya nani? Kikundi cha Iain Wilson huko Mill Hill, London, kilipoisoma polepole, kipande kwa kipande, jeni zake zilifanana na za kloroplasti. Ramani yake nzima, yenye herufi zipatazo 35,000, ilichapishwa mwaka 1996. Mwaka huo na uliofuata, kikundi cha Geoffrey McFadden huko Australia na cha David Roos huko Pennsylvania vilionyesha mahali inapokaa: katika kifuko kidogo ambacho wenye hadubini za elektroni walikuwa wamekiona miaka mingi na kukipa majina mbalimbali bila kujua kazi yake. Kikaitwa apikoplasti.

Kifuko hicho kina tando nne, na idadi hiyo ndiyo inayosimulia kilichotokea. Kloroplasti ya mchicha ina mbili, alama ya kumezwa mara moja. Tando nne zinaonyesha kumezwa mara mbili: bakteria alimezwa na seli iliyokuja kuwa mwani, kisha mwani mzima ukamezwa na babu wa kimelea, kama sanduku lililotiwa ndani ya sanduku. Ni mwani gani? Kikundi cha Roos mwaka 1997 kilielekea kusema ni wa kijani. Wengine walisema ni mwekundu, na ubishi ukaendelea zaidi ya miaka 10. Kilichosaidia kuumaliza ni kiumbe kilichotolewa kwenye matumbawe ya bandari ya Sydney na kutangazwa mwaka 2008 kwa jina Chromera velia. Ni ndugu wa karibu wa vimelea hivi, ila kinaishi kwa mwanga wa jua na kina kloroplasti kamili. Jeni zake ziliunganisha pande mbili, na jibu likawa mwani mwekundu. Huo ndio ukoo mpana wa mwani ambao akina mama wa Paje na Jambiani wanaulima tangu mwaka 1989 na kuusafirisha nje ya nchi. Matumbawe ya Mbudya na Bongoyo, mbele ya fukwe za Kinondoni, nayo yana wapangaji wa seli moja wanaoyalisha kwa mwanga, na wapangaji hao ni binamu wa mbali wa kimelea cha malaria. Babu wa ugonjwa huu aliishi kwa jua. Kizazi chake kiliacha mwanga kikaingia katika damu, kikapoteza rangi, lakini hakikutupa kiungo.

Wakati maabara za ng'ambo zikijadili mwani, hapa jijini kazi nyingine ilikuwa ikifanyika kwa miguu. Mwaka 2004, kabla Ubungo na Kigamboni hazijawa manispaa, ulianza mpango wa jiji wa kudhibiti malaria katika kata 15 za Ilala, Kinondoni na Temeke, zenye eneo la kilomita za mraba 55 na watu zaidi ya 610,000. Wahudumu waliochaguliwa mitaani waligawiwa maeneo kwa nyumba kumi kumi. Walipita kila wiki kwenye mitaro, mashimo ya mchanga na mifereji iliyo kati ya matuta ya matembele, wakichota maji kwa upawa na kutafuta viluwiluwi. Wale wa mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji, na mhudumu aliyezoea huwatambua kwa jicho. Machi 2006 dawa ilianza kutiwa katika kata tatu: Buguruni, Mikocheni na Kurasini. Dawa hiyo, Bti, ni bakteria aliyegunduliwa katika jangwa la Negev mwaka 1976, mwenye fuwele ya protini. Kiluwiluwi akiila, fuwele huyeyuka tumboni mwake, protini hushika seli za utumbo na kutoboa utando wake. Maji huingia, seli hufura, hupasuka. Kwenye matuta ya juu ya maji hayo hayo, maji yanayoingia katika seli za matembele yanayasimamisha. Tafiti zilizofuata zilionyesha maambukizi yamepungua mahali dawa ilipotiwa, na baadaye kiwanda cha kuzalisha viuadudu vya namna hiyo kilijengwa Kibaha kwa ushirikiano na Cuba. Ninawaheshimu sana wahudumu wale, waliofanya kazi hiyo katika maji machafu, jua na mvua, na majina yao hayamo vitabuni.

Apikoplasti yenyewe ikageuka kuwa shabaha. Kwa kuwa asili yake ni bakteria, ribosomu zake ni za kibakteria, na antibiotiki kama doksisaiklini huzizuia. Madaktari walijua miongo kadhaa nyuma kwamba dawa hizo hudhoofisha malaria, ila hawakujua kwa nini zinachelewa. Kimelea kilichopewa dawa huendelea kama kawaida, hukua na kugawanyika katika mzunguko wake wa saa 48. Ni watoto wake, wanaozaliwa bila apikoplasti nzima, wanaokufa. Kwa sababu ya kuchelewa huko, doksisaiklini haitoshi peke yake kumtibu mgonjwa. Hutumika kumkinga msafiri au kusindikiza dawa inayoua haraka, na wajawazito na watoto wadogo hawapewi. Mwaka 1998 watafiti walionyesha kuwa glaifoseti, kemikali ya kuua magugu shambani, inazuia vimelea hivi katika chupa za maabara, kwa sababu vina njia ya kikemia ambayo mimea inayo na binadamu hana. Haikuwa dawa ya mtu, lakini ilionyesha kwamba kinachoua mmea kinaweza kukipiga pia kimelea.

Lilibaki swali la kwa nini kimelea kinang'ang'ania kiungo kisichonasa mwanga. Mwaka 2011 Ellen Yeh na Joseph DeRisi, wa San Francisco, waliviua viungo hivyo kwa antibiotiki na papo hapo wakaongeza kwenye chupa kemikali moja, IPP, tofali la kujengea molekuli nyingi ambazo seli haiwezi kuishi bila hizo. Vimelea vilipoteza apikoplasti kabisa, na vikaendelea kuishi katika damu ya chupani kizazi baada ya kizazi. Ina maana kwamba katika hatua ya damu, kazi ya lazima ya masalia yale ya mwani ni hiyo moja.

Jaribio hilo sasa ni kipimo. Mwaka 2024 yalichapishwa matokeo kutoka Karagwe, Kagera, ya vimelea vinavyochelewa kuisha mgonjwa anapopewa dawa ya jamii ya artemisinini, kiini cha mseto, na msako wa dawa za kupiga mahali pengine umekuwa wa haraka zaidi. Watafiti wanapopata kemikali mpya inayoua kimelea, huirudia katika chupa mbili, moja yenye IPP na nyingine isiyo nayo. Vimelea vya chupa yenye IPP vikinusurika na vya chupa ya pili vikafa, wanajua kwamba kemikali hiyo imepiga sehemu ya mmea.